Homa ikikukata mazoezi: mwongozo wa kurudi mbioni kwa wakimbiaji wa Malindi

Anayejiandaa kwa mbio za kilomita 10 au nusu marathoni hapa Malindi asijidanganye kwamba atamaliza msimu bila kuugua. Masika yakipita mbu wamejaa, upepo wa kusi ukivuma mafua yanatembea nyumba hadi nyumba, na kaskazi ikiingia joto linawakausha watu. Homa yenyewe mara nyingi huisha kwa siku 3 hadi 7. Kinachoharibu msimu ni wiki inayofuata, pale mtu anapojisikia mzima, akatazama ratiba yake, akaona amepoteza mazoezi matano, akataka kuyalipa yote kwa mpigo. Mazoezi yaliyopotea hayalipwi. Yafute kwenye daftari, kisha fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: jua unaugua nini

Ratiba ya kurudi inategemea jina la ugonjwa, na "nina homa" si jina. Homa ya Pwani yaweza kuwa malaria, dengi, chikungunya, mafua makali, nimonia, homa ya matumbo au maambukizi ya mkojo, na siku ya kwanza zote zinafanana: mwili moto, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza chochote zaidi ya panadoli. Omba kipimo cha malaria. Kama mtaani kuna habari za dengi, omba pia hesabu kamili ya damu, ile inayoonyesha chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na himoglobini (inayobeba oksijeni kwenye damu). Ipige picha karatasi ya majibu, kwa sababu utaihitaji baada ya wiki nne.

Kuna kosa linalorudiwa sana kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole. Kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa kuwa kinasoma mabaki yao yaliyosalia kwenye damu. Mkimbiaji anachoka wiki ya pili, anapimwa tena kwa kidole, anaambiwa "bado iko", anapewa dozi nyingine. Baada ya kutibiwa, swali la kama vimelea wapo hujibiwa kwa darubini. Na kinyume chake: kipimo kikisema huna malaria lakini homa inapanda bado kesho yake, rudi ukapimwe tena.

Mafua ya kawaida yana kanuni nyepesi. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani kamasi, chafya na koo kuwasha kidogo, waweza kukimbia taratibu nusu ya muda uliozoea. Zikishuka chini ya shingo, yaani kikohozi cha kifuani, mwili mzima kuuma, tumbo kuchafuka, pumzika. Ukiwa na homa ya aina yoyote, usikimbie hata dakika 10. Virusi vingine hushambulia misuli ya moyo, na kuulazimisha moyo huo kufanya kazi nzito ni hatari inayoweza kuua kijana mwenye afya tele.

Hatua ya pili: wakati uko kitandani

Kazi yako ni kunywa, kula, kulala na kumaliza dawa. Malaria ya kawaida kwa mtu mzima wa kilo 35 au zaidi hutibiwa kwa vidonge vya AL (artemether-lumefantrine): 4 mara moja, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni vidonge 24. Vinahitaji mafuta ili viingie vizuri mwilini, kwa hiyo visimezwe kwa chai ya rangi na tumbo tupu. Glasi ya maziwa, mahamri mawili au vijiko vichache vya wali wa nazi vinatosha. Ukitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi ile ile, kisha rudi kliniki upewe vidonge vya kufidia. Wengi huacha siku ya pili wakiona jasho limetoka na njaa imerudi. Hao ndio wanaorudi na homa baada ya wiki mbili au tatu.

Kwa kuharisha, tumia chumvi ya kurejesha maji ya dukani, na usome pakiti: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima, na ukikosea kipimo unaweza kuzidisha kuharisha. Usipoipata, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Dafu ni zuri na linashuka bila kichefuchefu, lakini lina chumvi kidogo kuliko unayopoteza, basi lifuatie uji wenye chumvi au supu ya samaki. Kama una mizani, jipime. Ukiwa umepungua kilo 2 kwa siku mbili za kuharisha, karibu zote ni maji: lita 2 ambazo hazijarudi mwilini.

Dawa zinazomgeuka mkimbiaji

Hapa ndipo tungependa usome polepole, kwa sababu dukani hakuna atakayekuambia kwamba unakimbia.

Panadoli inashusha homa, haiponyi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, viwili viwili, kila baada ya saa 6. Tatizo lake kwa mkimbiaji ni kwamba inamficha ukweli: amemeza viwili saa 10 alfajiri, saa 12 anajisikia mwepesi, anavaa viatu. Siku ya kwanza ya kupona huanza kuhesabiwa tangu kidonge cha mwisho cha panadoli.

Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, pamoja na sindano ya maumivu inayotolewa haraka haraka kliniki, ziepuke kabisa hadi ijulikane kwamba si dengi. Dengi hushusha chembe sahani, na dawa hizi pamoja na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Hata dengi isipokuwepo, dawa hizi, mwili uliokauka na kilomita 8 za jua la Malindi, vikikutana, figo ndizo zinazoumia.

Ciprofloxacin hununuliwa kwa kila tumbo linalouma, mara nyingi bila cheti cha daktari. Dawa hii na jamaa zake zinaweza kudhoofisha kano, hasa ile nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino, hadi ikavimba au kukatika. Kwa mtu anayetembea kwenda sokoni hatari ni ndogo, ila mtu anayeruka kwa mguu mmoja maelfu ya mara kwa saa ana mengi ya kupoteza. Mwambie daktari kwamba unakimbia na uulize kama kuna dawa nyingine. Kama hakuna, meza, lakini acha mazoezi ya kasi na vilima wakati wa dozi na kwa wiki 4 baadaye. Kisigino kikianza kuuma, acha kukimbia siku hiyo hiyo na urudi kwa daktari.

Dawa za mafua zinazoleta usingizi hukausha kamasi na pia hupunguza jasho. Ukiwa bado unazimeza, usikimbie kwenye joto.

Kwa wanaoshindana: maji ya dripu yanayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 yamekatazwa na kanuni za dunia za kupambana na dawa za kusisimua misuli, isipokuwa yametolewa kama sehemu halali ya matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa ugonjwa. Dripu ya "kurudisha nguvu" kwenye kiduka cha dawa haimo. Prednisolone na dexamethasone, za kumeza au za sindano, nazo zimekatazwa wakati wa mashindano, na ndizo zinazopewa wagonjwa wa viungo baada ya chikungunya. Mwombe mhudumu aandike jina la kila dawa na kiasi chake, utunze karatasi hiyo, na kama una mashaka wasiliana na wakala wa taifa wa kupambana na dawa hizo, ADAK, kabla ya kupanga mstari wa kuanzia.

Hatua ya tatu: siku ya kuanza kuhesabu

Mafua makali yenye homa: subiri siku 2 kamili bila homa na bila panadoli. Malaria ya kawaida: maliza dozi, kisha siku 4 za kutembea tu. Nimonia, au malaria iliyokulaza hospitali: daktari ndiye anayeamua. Kama amekuambia wengu limevimba, kaa mbali na mpira, bodaboda na chochote kinachoweza kukuangusha au kukugonga tumboni hadi alipime tena.

Dengi ina mtego wake. Siku ya 3 hadi ya 7 homa hushuka, na mgonjwa hufurahi, kumbe saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za hatari zaidi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au pua, au kuishiwa nguvu ghafla wakati huo ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo. Baada ya homa, jipe wiki 2 bila kukimbia, na usianze kabla ya hesabu ya chembe sahani kurudi mahali pake.

Chikungunya ni ya kungoja. Mwaka 2004 iliwaangusha watu wengi mno kisiwani Lamu, na kinachokumbukwa zaidi ni viungo: vifundo vya miguu na vya mikono vilivyobaki vigumu kwa wiki, na kwa wengine miezi. Pima kila asubuhi. Kama unapotoka kitandani vifundo vinachukua zaidi ya nusu saa kulegea, kukimbia bado. Ogelea maji yakiwa yamejaa na yametulia, au endesha baiskeli.

Kisha fanya kipimo cha mapigo, ambacho hakigharimu kitu. Ukiamka, kabla ya kunyanyuka, hesabu mapigo kwa sekunde 60. Simama, subiri dakika 1, hesabu tena. Mapigo ya kulala yakizidi yale ya kawaida yako kwa 8 au zaidi, mwili bado unapigana. Yakipanda kwa zaidi ya 30 ukisimama, huna maji ya kutosha au damu imepungua, na siku hiyo ni ya kupumzika. Bila shaka kipimo hiki hakina maana kama hujui kawaida yako, kwa hiyo anza kuandika sasa, ukiwa mzima, asubuhi 5 mfululizo.

Hatua ya nne: siku 10 za mwanzo

Siku ya 1, tembea dakika 20. Siku ya 2, tembea 30 kwa mwendo wa mtu anayewahi gari. Siku ya 3, kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Siku ya 4, pumzika. Siku ya 5, kimbia 2, tembea 1, mara 8. Siku ya 6, kimbia 20 bila kusimama. Siku ya 7, pumzika. Siku ya 8, dakika 30. Siku ya 9, tembea au pumzika. Siku ya 10, dakika 35 hadi 40.

Mwendo wote huo ni wa kuzungumza. Kama huwezi kumaliza sentensi nzima kwa mwenzako bila kukata pumzi, umezidisha. Usitazame kasi kwenye saa. Ukiwa nayo, igeuze ndani ya mkono. Kilomita uliyozoea kuikimbia kwa dakika 5 na nusu itakuchukua dakika 6 na nusu au 7, na hilo si kushuka kiwango. Siku chache za kulala hupunguza maji ya damu, moyo ukalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na maji hayo hurudi taratibu. Uwezo wa ndani hupungua pole pole zaidi kuliko watu wanavyohofia.

Kabla ya kuingia siku inayofuata, mapigo ya asubuhi yawe hayajazidi ya kawaida kwa zaidi ya 5. Yakizidi, rudia siku ile ile. Yakizidi kwa 8, au umelala vibaya na hamu ya chakula imepotea, rudi nyuma hatua mbili. Homa ikirudi, ratiba imekufa: kapimwe.

Mahali pa kukimbilia pana uzito wake. Chagua mzunguko mfupi, kilomita 1 hadi 1.5, unaopita karibu na nyumbani, badala ya kwenda moja kwa moja hadi mbali na kutegemea miguu ikurudishe. Barabara ya Casuarina asubuhi na mapema ni tambarare na ina kivuli hapa na pale. Ufuoni, Silversands kwa mfano, ngoja maji yapwe ukimbie kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Mchanga mkavu uliolegea unakula nguvu karibu mara moja na nusu ya barabara ngumu, na mgonjwa hana nguvu hizo. Ufuo pia umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja ukawa chini kila hatua, basi geuza mwelekeo kila dakika 5. Wa Lamu wanaotumia ufuo wa Shela waangalie zaidi jedwali la maji: ni mrefu, na maji ya bamvua yakijaa unabakiwa na mchanga laini tu wa kurudia. Beba nauli ya tuktuk au bodaboda. Anayekosa nauli hujikaza hadi nyumbani, na kujikaza ndiko tunakokuzuia.

Toka saa 11 na nusu alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa 1. Mtu aliyetoka kuugua hupatwa na kiharusi cha joto upesi kuliko mzima, kwa kuwa siku alizolala chini ya feni zimemwondolea mazoea ya kutoa jasho mapema, na huchukua siku 7 hadi 14 kuyarudisha. Ukiona mwenzako anayumba, anaongea ovyo au amekasirika bila sababu, msimamishe, mpeleke kivulini, mmwagie maji mengi ya baridi, mpepee, na gari liitwe. Usimpe maji ya kunywa akiwa hajitambui.

Maumivu ya kifua, moyo kurukaruka bila mpangilio, kuishiwa pumzi kwenye mwendo wa kutembea, au kuzirai: acha, nenda hospitali, omba kipimo cha moyo. Hili lisisubiri kesho.

Wiki ya 3 na ya 4, na habari ya damu

Wiki hii ya tatu kimbia nusu ya kilomita zako za zamani, zote taratibu. Inayofuata, robo tatu, na hapo ndipo pa kuongeza mikimbio 6 ya sekunde 20, ukipumzika dakika nzima katikati. Mazoezi ya kasi kamili baada ya hapo.

Kama wiki ya nne imefika na miguu bado mizito, mara nyingi ni damu. Malaria huvunja chembe nyekundu, na himoglobini huchukua wiki kadhaa kujijenga. Rudi ukapimwe, linganisha na ile picha. Mwanamume mzima chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, ana upungufu. Vidonge vya madini ya chuma vipewe kwa ushauri wa daktari. Chakula, lakini, hakihitaji ruhusa: maini mara moja kwa wiki, dagaa, kunde, mbaazi, mchicha, vyote vikikamuliwa ndimu ili madini yaingie. Chai iache hadi saa 1 baada ya kula. Najua hili ni gumu Pwani, lakini chai juu ya chakula inazuia madini hayo hayo unayoyatafuta.

Ramadhani ikikukuta katika wiki hizi, mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye. Anayefunga akiwa amepona akimbie baada ya futari nyepesi na maji, kama saa 3 usiku, na abaki kwenye dakika 30 za taratibu mwezi mzima. Kukimbia saa 11 jioni ukiwa na kiu, wiki mbili baada ya malaria, hakuna faida.

Mashindano yakiwa ndani ya wiki 3 tangu homa kuisha, yaache, hata kama umelipa. Yakiwa wiki ya 4 au ya 5, kimbia nusu ya umbali kama waandaaji wanaruhusu kubadilisha.

Kuhusu mbu: wa malaria huuma usiku hadi alfajiri, wa dengi na chikungunya huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, yaani saa zile zile za mazoezi. Chandarua peke yake hakitoshi. Paka dawa ya kufukuza mbu miguuni na shingoni kabla ya kutoka, na ukinyoosha misuli usikae kando ya mapipa na matairi yenye maji.

Na kama unapanda Iten au Eldoret kwa kambi muda mfupi baada ya kuondoka Malindi, kumbuka kwamba malaria hukaa mwilini siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa kuanza. Ikikushika kule juu, mtu anaweza kudhani ni baridi au mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Mwambie mhudumu neno la kwanza kabisa: nimetoka Pwani, nipime malaria.